Kupiga Kimya

Stoo ya mavazi, Ukumbi wa Chuo
4 Februari

Shikamoo Baba,

Dereva wa lori la kokoto alinikabidhi barua yako jana. Ilikuwa na vumbi mpaka ndani ya bahasha, nikaipangusa kwanza ndipo nikaisoma. Umesema simu yako imeanguka, imekufa, kwa hiyo tuwe tunaandikiana, na dereva atakuwa posta yetu kila anapoleta mzigo mjini. Sawa, Baba. Mimi barua naziweza kuliko simu. Kwenye simu wewe ulikuwa unauliza, mimi natikisa kichwa, halafu unasema, "Sisimizi, kichwa chako hakisikiki huku."

Lakini nikuulize kitu, na usinicheke. Simu imekufa kweli, au umechoka kuongea na ukuta?

Habari yangu kubwa ni kwamba nina kazi. Shangazi alisema siwezi kukaa nyumbani nikisubiri majibu ya mtihani huku nikitazamana na mijusi ya darini, akanichukua ukumbini kwake. Si unajua yeye ndiye mkuu wa mavazi hapa chuoni? Basi mimi napiga pasi. Chumba chetu kipo nyuma ya jukwaa, hakina dirisha, kina meza ndefu iliyofunikwa blanketi kuukuu, na pasi nzito ambayo Shangazi anasema ina umri kunizidi mimi na adabu kuwazidi wanafunzi. Naipenda. Hakuna anayenisemesha. Wanaleta nguo, wanaondoka.

Wanafunzi wanaandaa mchezo wa kuimba. Mwalimu anayeuongoza wanamwita Mwalimu Tena, kwa sababu wakimaliza tu anasema, "Tena!", hata wakifanya vizuri. Nasikia mchezo wenyewe hautakuwa na ngoma, wala gitaa, wala kinanda. Bado sijaelewa wataimbia nini.

Shangazi anakusalimu. Anasema ule.

Binti yako,
Sisimizi


Machimboni
11 Februari

Sisimizi wangu,

Marahaba. Ukuta gani? Mimi nimefanya kazi na mawe maisha yangu yote, ukuta naujua ulivyo. Wewe si ukuta. Simu imekufa kweli. Nimeizika kwenye droo ya soksi, Mungu ailaze mahali pema.

Na mimi nina habari. Wamenitoa kwenye baruti. Miaka yote hii mimi ndiye wa kutega na kulipua, sasa wamesema mzee pumzika, wakanipa geti. Nafungua, nafunga, naandika namba za malori. Mwanzoni madereva walikuwa wakifika wanapiga honi mpaka mbuzi wa jirani wanakata kamba. Siku hizi nimewazoesha wanimulikie taa tu. Ni ustaarabu.

Usiniulize kwa nini wamenihamisha. Ni umri, basi.

Nimefurahi kusikia unapiga pasi. Mama yako, tangu nilipomjua hadi alipotutoka, alikuwa akianza na kola. Mtu akianza na mgongo wa shati, kwake huyo alikuwa mvivu, hata awe waziri. Wewe unaanza wapi?

Nieleze huo mchezo usio na ngoma. Nieleze vizuri, usifupishe. Huku jioni ni ndefu.

Baba yako


Stoo ya mavazi
19 Februari

Shikamoo Baba,

Naanza na kola, usiwe na wasiwasi.

Mchezo sasa nimeuelewa, na kuuelewa kwenyewe kumeniletea balaa.

Juzi nilikuwa napiga pasi magauni ya waimbaji, nina haraka. Unajua pasi nzito inavyosema: unaiweka, pu, unaisukuma, shhh, unanyunyiza maji kwa vidole, tss, unaigeuza nguo, pwa. Nilikuwa nimeshika mwendo bila kujua. Nikahisi kuna mtu mlangoni. Alikuwa Mwalimu Tena, mrefu, shati limechomoka upande mmoja, amefumba macho. Nikaacha. Akafumbua macho akasema, "Tena!"

Nikadhani nimeunguza nguo.

Baba, mchezo wao uko hivi. Mwalimu Tena anasema katika lugha yetu hatupigi ngoma peke yake. Tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki, tunapiga miayo, tunapiga chafya, tunapiga magoti, tunapiga hodi. Kwa hiyo, anasema, kila kinachopigwa ni ala ya muziki, na sisi sote ni bendi tangu tunapoamka, ila hatujijui. Mchezo unaonyesha nyumba moja kwa siku moja. Watu wanaamka wanapiga miayo, wanapiga mswaki kwa pamoja, wanapiga deki na kugonganisha ndoo, na juu ya hayo wanaimba. Nyumba nzima inamngoja mtu wao aliyesafiri, aje apige hodi. Mwimbaji mkuu ni dada mmoja wa mwaka wa pili, ndiye mama wa hiyo nyumba. Wanamwita Kinanda kwa sababu ya sauti yake, na pia kwa sababu hanyamazi.

Mpiga pasi walikuwa hawajampata. Wanafunzi walijaribu, wakawa wanapiga pasi kama wanaua nyoka. Sasa Mwalimu Tena ananitaka mimi. Jukwaani. Mbele ya watu.

Unauliza nilimjibu nini? Niliingia kabati la makoti nikakaa humo mpaka Shangazi alipolifungua akitafuta koti.

"Wewe ni nguo?" akaniuliza. "Toka humo."

Unakumbuka nilivyokuwa shuleni. Nikisimama kujibu swali, jibu lilikuwa linakaa chini kabla yangu. Sasa ukumbi mzima? Niambie nikatae, Baba. Ukisema nikatae nitakataa vizuri, kwa adabu, nitasema baba amekataa.

Sisimizi


Machimboni
26 Februari

Sisimizi wangu,

Nimecheka mpaka mpishi wa kantini akaja kuangalia kama nimekabwa na mfupa. Mwambie huyo Mwalimu Tena kwamba kumbe mimi ni mwanamuziki mkongwe. Nimepiga baruti muda wote huu na hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Muulize kama ana nafasi ya baruti kwenye nyumba yake. Inapigwa mara moja tu, lakini mtaa mzima unajua.

Kukukatalia siwezi. Huko jukwaani hujaambiwa useme. Umeambiwa upige pasi, na kupiga pasi unajua. Watu usiwatazame, tazama kola. Piga moyo konde, mama. Na hiyo nayo mwambie mwalimu wako, pengine alikuwa ameisahau.

Halafu nina ombi. Niandikie kila kitu kinavyolia. Usiniandikie "ilikuwa nzuri sana". Andika inavyolia, kama ulivyoandika pu na shhh. Hiyo nimeisoma mara nyingi.

Baba yako


Stoo ya mavazi
8 Machi

Shikamoo Baba,

Nilikubali. Natazama kola tu, na mpaka sasa sijazimia.

Ndoo ya bati inalia ngaa, ya plastiki inalia bo. Miayo ya wanaume inaanzia chini kama mlango wa stoo ukifunguliwa, ya wanawake inaishia juu. Watu wengi wakipiga mswaki kwa pamoja ni mvua kwenye majani makavu. Tambara la deki likikamuliwa linasema chururu, halafu tone moja, to, na hapo ndipo Kinanda anapoingia na wimbo wake. Pasi yangu iko chini ya yote. Mwalimu Tena anasema bila mimi nyumba inakosa miguu.

Sasa nikueleze jambo langu. Karibu na mwisho nyumba imechoka kungoja. Mwalimu alikuwa hajui aweke nini pale kabla ya hodi. Kila mtu akapendekeza lake, mmoja anataka wimbo, mwingine anataka vyombo vivunjike. Mimi nimekaa tu. Kinanda akanitania, "Na huyu mwenzetu, yeye amepiga kimya."

Mwalimu Tena akageuka kama mtu aliyemwagiwa maji. "Umesemaje? Amepiga nini?"

Basi kimya nacho kinapigwa, Baba! Kimekuwa ala, na nimepewa mimi. Kila mtu anaendelea na kazi yake lakini hakuna kinachogusa. Tambara haligusi sakafu, mswaki haugusi meno, pasi yangu inashuka na kusimama unywele mmoja juu ya nguo. Mimi ndiye ninayeongoza, wote wananifuata mimi. Tunasikiliza kama kuna mtu mlangoni. Ndipo Mwalimu Tena, nyuma ya pazia, anapiga hodi, na Kinanda anajibu, "Karibu." Mimi sina neno hata moja katika mchezo wote, nashukuru.

Onyesho ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Shangazi amekuwekea kiti mstari wa mbele.

Hii habari ilikuwa kubwa mno kungoja lori. Kwa hiyo juzi nilichukua simu ya Shangazi nikapiga ofisini kwenu. Karani akaenda kukuita. Nikasikia viatu vyako. Ukasema, "Haloo." Na mimi nikasema, Baba. Nilisema yote haya niliyoyaandika hapa, nimesimama koridoni, kwa sauti, mpaka mtu aliyekuwa anapita akasimama. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo bila kupumzika. Wewe ukasema, "Haloo? Haloo?" Halafu ukasema polepole, "Haya basi, mama," ukakata.

Labda nilisema vibaya. Labda ulikuwa na kazi. Niambie tu kwamba utakuja.

Sisimizi


Machimboni
13 Machi

Sisimizi,

Barua imefika. Hongera kwa yote.

Kuja siwezi. Geti halina wa kunishikia, na mambo ya ukumbi wa chuo yana watu wake. Hicho kiti mpeni mwingine. Simu ya ofisini ni mbovu, usipige tena.

Fanya kazi vizuri.

Baba


Nyumbani kwangu
16 Machi

Kaka,

Salamu baadaye.

Mwanao amesoma barua yako, akaikunja, akaendelea kupiga pasi. Hakulia. Angelia ningempa leso yakaisha. Amelipiga pasi shati moja mpaka limekonda. Nilipomuuliza akaniambia, "Baba hataki kunisikia, Shangazi. Nilisema, akakata."

Sasa nisikilize, au tuseme nisome. Ulipokuja kwetu mwisho wa mwaka nilikuambia, "Kaka, chai inakumwagikia gotini." Ukanijibu, "Nzuri tu, sijui wewe." Nikadhani ni utani wako uleule. Baadaye nikakaa nikaunganisha. Simu imekufa. Baruti umeachishwa. Malori yanakumulikia taa. Huyu dereva wenu ni mtu mwema sana lakini ukimpa chai hana siri. Ameniambia mtu akitaka kuongea na wewe lazima asimame mbele yako uso kwa uso.

Masikio si kosa la mtu. Kosa ni kumwacha mtoto aamini kwamba sauti yake ndiyo mbovu. Sauti yenyewe anayo kidogo, na hicho kidogo chote alikitoa siku ile kwenye simu yangu. Mwambie mwenyewe kabla sijamwambia mimi. Unanijua, mimi nitamwambia kwa kupiga kelele.

Hujambo lakini?

Dada yako


Machimboni
20 Machi

Mwanangu,

Barua hii nimeianza na kuichana, nimeianza na kuichana. Acha niseme tu. Masikio yangu yamekufa.

Mwaka jana baruti moja iliwahi, ikalipuka kabla sijafika nyuma ya ukuta. Sikuumia hata ukucha. Nilisimama nikajikung'uta, nikaona wenzangu wanafungua midomo, nikadhani wananitania. Sikio la kulia halina kitu. La kushoto liko kama redio ya jirani: najua inaongea, maneno siyapati. Daktari amesema ndivyo litakavyobaki. Mtu akisimama mbele yangu nasoma midomo, nabahatisha. Wakicheka nacheka, ila mimi nachelewa.

Simu haina midomo.

Na hapa ndipo panaponiuma. Angenipigia mtu mwingine, ningejua siku ileile kwamba kwenye simu sisikii tena. Lakini ulikuwa wewe. Nilisikia kimya, nikadhani ni kile kimya chako nilichokizoea, nikawa naendelea kuongea peke yangu na kufurahi. Mpaka karani alipochukua simu mkononi mwangu akaanza kumjibu mtu ambaye mimi simsikii, ndipo nilipoelewa. Nikaizika ile yangu kwenye droo.

Siku uliyopiga ofisini nilisema haloo nikijua sitasikia kitu. Nikajiambia, maskini, na yeye najua amenyamaza, tutakuwa sawa. Nikasema haya basi ili nisikutese. Kumbe siku hiyo ndiyo ulikuwa unasema. Nimeingoja siku hiyo tangu ulipoanza kutembea, ikaja, nikaikata.

Sikukuambia kwa sababu wewe ulikuwa mtu pekee ambaye kwake sikuwa kiziwi. Kwenye barua zako nasikia kila kitu.

Lakini kuja, hapana. Nitakaa mbele kama gunia, niwe natazama nani amecheka ili nami nicheke. Sitaki siku yako iwe siku ya watu kuniuliza, "Mzee, umesikia?" Nisamehe hilo moja.

Baba yako


Stoo ya mavazi
26 Machi

Shikamoo Baba,

Nimesoma barua yako ndani ya kabati la makoti. Shangazi alinipa ruhusa, hata akanifungia mlango.

Sijakukasirikia. Sitakuomba tena uje. Nitaendelea kukuandikia kila kitu kinavyolia, na sasa najua kwa nini uliomba hivyo.

Ila kuna jambo la jana lazima nikuambie. Tulifanya onyesho la majaribio kwa wanafunzi wenyewe. Yote yalikwenda vizuri mpaka kwenye kimya. Pasi yangu ikasimama juu ya nguo. Mtu akakohoa. Mwingine akapiga mluzi. Mmoja akauliza kwa sauti, "Umeme umekatika au?" Ukumbi mzima ukacheka, na Mwalimu Tena akapiga hodi harakaharaka tumalize.

Baadaye akatukusanya jukwaani. Akasema kimya tukitoe, Kinanda aimbe pale. Hata "tena" hakusema. Alikuwa anajifuta miwani ambayo haikuwa chafu.

Baba, nilifungua mdomo. Nikasema, "Msikitoe."

Wakageuka wote. Nikasema, "Sisi tunasikia, ndiyo maana kimya kinatutisha, tunakikoholea. Kuna mtu mimi namjua, yeye anaishi humo kila siku. Katika mchezo wote huu, pale ni mahali pekee ambapo angesikia sawasawa na sisi. Mkipatoa, humu ndani yeye hana chake."

Hakuna aliyeniuliza ni nani. Kinanda akasema, "Kumbe una mdomo, wewe!" Halafu akamgeukia mwalimu. "Mimi pale siimbi. Kama mnataka wimbo, tafuteni mwenye sauti mbaya zaidi."

Mwalimu Tena akavaa miwani yake. Akasema, "Tena. Na safari hii kiwe kirefu zaidi."

Kiti chako hakuna atakayekikalia. Si kwamba nakulazimisha. Shangazi ameweka koti lake juu yake na amesema atakayeligusa atajuta kuzaliwa.

Sisimizi


Machimboni
31 Machi

Sisimizi wangu,

Usikasirike. Nilikuja.

Dereva alikuwa na mzigo wa Jumamosi na alikuwa anarudi usiku uleule, mpishi wa kantini akanishikia geti. Sikutaka ujue, usije ukaniharibia pasi kwa kunitafuta. Nikakaa mstari wa nyuma kabisa, karibu na mlango, na kofia yangu ya kazi.

Niliona kila ulichoniandikia. Ndoo ya bati ilipopigwa nikasema moyoni, ngaa. Walipoanza kupiga mswaki nikasema, mvua kwenye majani makavu. Lile tone la tambara nililiona likianguka, na kweli yule dada akafungua mdomo palepale. Barua zako zilikuwa mfukoni lakini sikuzihitaji, nazijua kwa moyo. Kando yangu alikaa bwana mmoja mwenye tai. Akicheka, na mimi nacheka, na sidhani kama nilichelewa sana.

Kisha ukapiga kimya. Nilijua kwa sababu hata wale waliokaa kwenye viti waliacha kutikisika. Pasi ikakaa hewani na mkono wako haukutetemeka. Mimi nimetega baruti, mkono usiotetemeka naujua thamani yake. Nikatazama watu kichwa kwa kichwa, nikaona hakuna hata mmoja mwenye kitu ambacho mimi sina. Wote walikuwa wamekuja kwangu.

Yule bwana akaniinamia. Taa ya mlangoni ikamulika midomo yake, nikaisoma yote: "Mzee, mbona kimya? Wanafanya nini?" Mwanangu, tangu mwaka jana mimi ndiye ninayeuliza watu kumesemwa nini. Leo mtu ananiuliza mimi! Nikamsogelea, nikamnong'oneza taratibu, nisikuharibie: "Yule ni binti yangu. Anapiga kimya."

Sijui kwa nini watu waligeuka kututazama. Nikakumbuka kwamba ndani ya ukumbi mtu hakai na kofia, nikaivua.

Halafu nikaona mdomo wako umefunguka. Uliniandikia kwamba huna neno hata moja katika mchezo ule. Nilikuwa mbali, sikuweza kuusoma. Baada ya muda watu wote wakasimama, mikono juu, wanapiga makofi, na hata mimi nilipata kidogo, kama kokoto zinamwagwa ng'ambo ya kilima. Nikaona dereva anamulika taa nje. Nikatoka.

Ulisema nini?

Baba yako


Stoo ya mavazi
4 Aprili

Shikamoo Baba,

Hukunong'ona.

Ile sauti uliyomnong'onezea yule bwana ndiyo ile ya kuwaambia watu wa machimboni wakimbie, baruti inakuja. Ilifika jukwaani. Ilifika mpaka stoo, Shangazi akajichoma sindano. "YULE NI BINTI YANGU! ANAPIGA KIMYA!" Watu wakageuka, wakacheka kidogo, kicheko kizuri, kisha wakatulia kuliko mwanzo. Wakaanza kunitazama mikono. Hakuna aliyekohoa tena.

Mimi sikugeuka, kwa sababu pasi ilikuwa hewani na wote walikuwa wananifuata mimi. Lakini niliijua sauti. Nilikuwa sijaisikia tangu ile "haya basi, mama".

Mwalimu Tena alikuwa nyuma ya pazia, ameshainua ngumi apige hodi. Akaishusha. Anasema aliona hodi imekwisha pigwa. Kinanda ndiye aliyetakiwa kujibu. Akanitazama mimi, akafunga mdomo, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Nyumba nzima ikawa inaningoja.

Sasa Mwalimu anataka kila onyesho awepo mtu wa kukaa nyuma aseme vilevile. Nimemwambia hatampata. Watu wa kupiga kelele wapo wengi, lakini wanaodhani wananong'ona ni wachache.

Taa zilipowaka nilikimbia mpaka mlangoni. Nje kulikuwa na vumbi la lori tu. Kofia yako uliisahau chini ya kiti, ninayo. Shangazi anasema niifue. Sitaifua. Nitakuletea ilivyo, kwa lori la wiki ijayo, nikae mbele yako kwenye taa, unisome kwa muda unaotaka.

Umeuliza nilisema nini. Halikuwa neno langu, lilikuwa la Kinanda, mimi niliongeza moja tu. Nililisema kwa nguvu zangu zote, na najua halikufika mstari wa nyuma. Kwa hiyo naliandika hapa ulisikie.

Nilisema, "Karibu, Baba."

Sisimizi wako